Mafua Hufungua Mlango, Kichomi Huingia

Askari aweza kunusurika vitani, akarudi kambini bila hata mkwaruzo, kisha akauawa kitandani na adui asiyeonekana kwa macho. Ndivyo yalivyowapata makumi ya maelfu ya wanajeshi mwaka 1918, Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia vilipokuwa vinakaribia kwisha. Jeshi la Marekani peke yake lilizika askari zaidi ya 40,000 waliokufa kwa mafua makali na kichomi, idadi inayokaribia ile ya wenzao waliouawa na risasi na mizinga. Ulimwenguni kote takriban thuluthi moja ya wanadamu waliambukizwa mafua hayo, na makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba watu wapatao milioni 50 walifariki dunia.

Kwa miaka mingi msiba huo ulielezwa kwa maneno mafupi: mafua mabaya yalikuja, yakaua, yakaondoka. Uchunguzi uliofanywa baadaye umeonyesha kwamba mambo hayakuwa mepesi hivyo. Sehemu kubwa ya marehemu wale hawakuuawa na mafua peke yake. Mafua yaliwapiga kwanza, yakaubomoa ukuta wa kinga ulio ndani ya kifua; kisha, siku chache baadaye, bakteria wakapita mahali palipobomoka na kuleta kichomi, au nimonia kama kinavyoitwa hospitalini. Magonjwa yalikuwa mawili ndani ya kifua kimoja, na mara nyingi ule wa pili ndio uliomaliza kazi.

Elimu hii si ya madaktari tu. Yafaa ijulikane na kila askari anayelala bwenini pamoja na wenzake, na kila mama anayemwangalia mtoto mwenye homa usiku wa manane. Aghalabu wao ndio wa kwanza kuona dalili kwamba adui wa pili ameingia.

KAMBI ZILIZOJAA WATU

Kabla ya mafua kulikuwa na surua. Marekani ilipoingia vitani mwezi Aprili 1917, vijana kwa maelfu walikusanywa kutoka mashambani na kutiwa katika kambi mpya zilizojengwa kwa haraka. Wengi wao walikulia mahali palipojitenga, hawakuwahi kuugua surua utotoni. Ugonjwa huo ukawapitia kama moto wa nyika. Surua yenyewe iliwaacha wengi hai. Lakini kichomi kilichowafuata baadhi yao kikasababisha vifo zaidi ya 3,000. Madaktari waliopasua maiti walikuta vifua vimejaa usaha, na ndani ya usaha huo wakakuta bakteria aina ya streptokoki.

Hapo palitokea jambo linalostahili kukumbukwa. Madaktari wa upasuaji walikuwa na desturi ya kukipasua kifua mara moja ili usaha utoke. Wakashangaa kuona wagonjwa wengi wakifa baada ya upasuaji. Mwaka 1918 tume ya madaktari wa jeshi, ambayo Evarts Graham alikuwa mmoja wao, ililichunguza jambo hili katika kambi ya Camp Lee, jimbo la Virginia. Ikatambua kwamba kifua kikipasuliwa mapema mno, hewa ya nje huingia na mapafu yaliyokwisha kudhoofika hushindwa kabisa kufanya kazi. Tume ikashauri maji ya kifuani yavutwe kwanza kwa sindano, na kisu kingoje mpaka usaha uwe mzito. Vifo vikapungua sana. Tiba ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni wakati wa kuitumia.

Mafua makali yalipozuka kwa nguvu mwezi Septemba 1918 katika kambi ya Camp Devens, karibu na mji wa Boston, kambi hiyo ilikuwa na watu zaidi ya 45,000, wengi kupita idadi iliyokusudiwa wakati wa kuijenga. Vitanda vilibanana, na hospitali ikafurika hata wagonjwa wakalazwa barazani. Profesa William Henry Welch, mmoja wa mabingwa wakubwa wa tiba nchini humo, alitumwa huko kuangalia, naye akashtushwa na hali ya mapafu aliyoyaona katika chumba cha maiti. Katika kambi nyingi makamanda waliamuru vitanda vitenganishwe, mapazia yatundikwe kati ya kitanda na kitanda, na askari walale kichwa cha mmoja kikielekea miguu ya mwenzake ili wasikoholeane usoni.

Afrika Mashariki nayo haikusalimika. Katika miezi ya mwisho ya 1918 mafua yalishuka pamoja na abiria wa meli katika bandari ya Mombasa, yakapanda garimoshi hadi Nairobi, na kuendelea mpaka Uganda. Yaliwakuta watu waliokwisha kuchoshwa na vita na njaa. Makumi ya maelfu ya wapagazi wa jeshi la Waingereza, ambao jina la kikosi chao limebaki hadi leo katika mitaa ya Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi, walikuwa wamekwisha kufa, wengi wao kwa kuhara, malaria na kichomi kuliko kwa risasi. Jenerali wa Kijerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, aliweka silaha chini mjini Abercorn, ambao leo unaitwa Mbala, tarehe 25 Novemba 1918. Askari na wapagazi wake walipelekwa Tabora kungoja kurudi makwao. Mafua yakawakuta huko kambini, na baadhi ya watu waliostahimili miaka minne ya vita wakafia hapo, amani ikiwa imekwisha kutangazwa.

KOSA LILILODUMU MIAKA AROBAINI

Wakati huo wataalamu wengi waliamini kwamba wanamjua mwenye kuleta mafua. Mwaka 1892 daktari wa Kijerumani, Richard Pfeiffer, alitangaza kwamba ameona bakteria mdogo sana katika makohozi ya wagonjwa wa mafua, naye akamtaja kuwa ndiye chanzo cha ugonjwa. Bakteria huyo akapewa jina la mafua, na jina hilo, Hemofilasi influenza, analo hata leo. Mwaka 1918 madaktari walimtafuta kwa bidii. Wengine walimpata, wengine hawakumpata kabisa, na wengine wakapata nimokoki au streptokoki mahali pake. Mabishano yakawa makali, kwa maana kila mmoja alisema kweli juu ya alichokiona katika hadubini yake.

Ufumbuzi ulitoka mahali pasipotazamiwa, yaani katika mazizi ya nguruwe. Katika jimbo la Iowa nguruwe walikuwa wakiugua maradhi yafananayo na mafua ya binadamu. Mtafiti kijana, Richard Shope, aliyachunja makamasi yao katika chujio jembamba mno ambalo bakteria hawawezi kulipenya. Maji yaliyopita katika chujio yalipotiwa katika pua za nguruwe wazima, waliugua kidogo tu, wakapona. Bakteria wa aina ya Pfeiffer walipotiwa peke yao, nguruwe hawakupata madhara. Lakini vitu hivyo viwili vilipotiwa pamoja, nguruwe waliugua vibaya, na baadhi wakafa. Shope alichapisha habari hizo mwaka 1931. Miaka miwili baadaye, mwaka 1933, Waingereza watatu, Wilson Smith, Christopher Andrewes na Patrick Laidlaw, walikipata kirusi cha mafua ya binadamu kwa kuwaambukiza fereti, wanyama wadogo wa jamii ya kicheche.

Basi Pfeiffer alikuwa amemkamata mwizi wa pili akamdhania kuwa ndiye aliyevunja mlango. Mvunja mlango alikuwa kirusi, kiumbe kidogo mno kisichoonekana kwa hadubini za siku zile. Hata hivyo, kosa lile halikupotea bure. Alexander Fleming alipoandika mwaka 1929 juu ya penisilini, ukungu alioukuta maabarani mjini London, matumizi mojawapo aliyoyapendekeza yalikuwa kuwaua bakteria wengine katika sahani za maabara ili bakteria wa Pfeiffer, ambaye hakudhurika, aonekane vizuri. Dawa iliyokuja kuokoa mamilioni ya wenye kichomi ilitajwa mwanzoni kama chombo cha kumtafuta mtuhumiwa asiye na hatia ya kuanzisha mafua.

JINSI MLANGO UNAVYOFUNGULIWA

Njia ya pumzi ya mtu mwenye afya ina ulinzi wa kutosha. Ndani yake kuna utando laini wenye nywele ndogo sana zinazopepea usiku na mchana, zikiusukuma ute juu kuelekea kooni pamoja na vumbi na vijidudu vilivyonaswa humo. Chini zaidi, katika vifuko vya mapafu, kuna chembe za ulinzi zinazomeza kila kijidudu kinachopenya. Kwa sababu hiyo mtu aweza kukaa na nimokoki puani mwake kwa wiki nyingi bila kuugua. Watoto wadogo hasa hubeba bakteria hao puani mara kwa mara, nao hucheza na kula kama kawaida.

Kirusi cha mafua kinapoingia, huzishambulia chembe zile zenye nywele. Chembe hufa na kubanduka, na utando hubaki kama ukuta uliotoka lipu. Ute haupandi tena, hutuama. Sehemu zilizochubuka huwa mahali pazuri pa bakteria kunata. Zaidi ya hayo, mwili unapokaza nguvu zote kumpiga kirusi, chembe za ulinzi zilizopo mapafuni hupungua au hulegea kwa muda katika kazi yake ya kuwameza bakteria. Ni sawa na kituo cha polisi kilichowapeleka askari wote kuzima ghasia upande mmoja wa mji. Upande wa pili mwizi hana wa kumzuia.

Mwaka 2002 watafiti wa Marekani walilithibitisha jambo hili kwa panya. Waliwapa kiasi kidogo cha kirusi cha mafua, kiasi kisichoweza kuua, na baada ya siku saba wakawapa nimokoki, nao pia kwa kiasi kisichoua. Panya wote walikufa. Mpango ulipogeuzwa, bakteria wakatangulia na kirusi kikafuata, panya hawakuangamia namna ile.

Siku hizo saba zalingana na yaliyoandikwa mwaka 1918. Wengi wa waliokufa wakati ule hawakufa siku ya kwanza wala ya pili, bali baada ya wiki moja hivi. Mwaka 2008 wataalamu watatu wa Marekani, David Morens, Jeffery Taubenberger na Anthony Fauci, walichunguza upya vipande vya mapafu ya askari 58 vilivyohifadhiwa tangu 1918 na 1919, pamoja na taarifa za maelfu ya maiti zilizopasuliwa zama hizo. Wakahitimisha kwamba vifo vingi vilitokana na kichomi cha bakteria waliofuata nyuma ya kirusi, na kwamba bakteria wenyewe walikuwa wale wa kawaida wakaao puani na kooni mwa watu.

Mambo hayo hayakuishia 1918. Katika mafua ya mwaka 1957 bakteria aina ya stafilokoki alionekana sana katika mapafu ya waliokufa, na wakati huo wengi wa bakteria hao hospitalini walikuwa wamekwisha kuizoea penisilini. Mafua mapya yalipozuka mwaka 2009, wataalamu wa Marekani walichunguza maiti 77 za waliofariki kwa ugonjwa huo. Katika 22 kati yake walikuta pia bakteria. Dawa zilikuwapo, hospitali zilikuwapo, lakini ndugu wawili wale walikuwa bado wanatembea pamoja.

FUNZO LA UVIKO

Ugonjwa wa UVIKO-19 ulipotokea mwishoni mwa mwaka 2019 na kuenea duniani mwaka 2020, madaktari wengi waliikumbuka historia hii na kuogopa. Wagonjwa walipowasili wakihema, walipewa antibiotiki mara moja, wasije wakavamiwa na bakteria. Haikuwa nia mbaya. Lakini mambo yalikwenda kinyume na matarajio. Mwezi Aprili 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa hesabu zake: kati ya wagonjwa 100 wa UVIKO-19 waliolazwa hospitalini, 8 tu ndio waliokuwa na maambukizo ya bakteria yaliyohitaji antibiotiki, ilhali wapatao 75 walipewa dawa hizo. Katika kanda ya Afrika waliopewa walifikia 83 katika kila 100.

Sababu ni kwamba kirusi cha UVIKO kiliwaua wengi kwa njia yake chenyewe, kwa kuyaunguza mapafu na kuitia damu kasoro, bila kuhitaji msaada wa bakteria. Walioshikwa na bakteria walikuwa hasa wale waliokaa siku nyingi katika vyumba vya wagonjwa mahututi wakiwa wametiwa mipira ya kupumulia. Nchini Uingereza dawa ya azithromisini, ambayo ilikuwa ikinunuliwa na kumezwa kila mahali, ilijaribiwa kwa maelfu ya wagonjwa waliolazwa, na haikuonyesha faida katika kupunguza vifo.

Yasemwayo na wengine kwamba dawa isiyohitajika haina madhara si kweli. Kila mara antibiotiki inapomezwa bila sababu, bakteria dhaifu hufa na wale wagumu hubaki na kuzaana. Mwaka 2019 pekee inakadiriwa kuwa watu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa sababu bakteria waliowaugua walikuwa wamezizoea dawa. Kidonge kinachomezwa leo kwa ajili ya mafua matupu chaweza kumnyima jirani tiba ya kichomi cha kweli mwaka ujao.

India ilipata funzo jingine mwaka 2021. Dawa ya deksamethasoni, iliyothibitika mwezi Juni 2020 kwamba hupunguza vifo vya wagonjwa wa UVIKO wanaohitaji oksijeni au mashine ya kupumulia, ilitumiwa ovyo na watu wengi ambao hawakuihitaji, au kwa siku nyingi kupita kiasi. Dawa hiyo hupandisha sukari katika damu na kulegeza kinga ya mwili. India ina wagonjwa wengi wa kisukari. Kuvu wakaao katika udongo na vitu vilivyooza wakapata nafasi, wakashambulia pua, macho na ubongo. Kufikia mwezi Julai 2021 serikali ya nchi hiyo ilikuwa imehesabu zaidi ya watu 45,000 waliopatwa na kuvu huyo, na maelfu kati yao walikufa. Wengine walilazimika kung'olewa jicho ili uhai usalimike.

Nchini Uganda, madaktari waliowapima wagonjwa 597 wa UVIKO-19 mwaka 2020 walikuta kwamba 70 kati yao, yaani kama 12 katika kila 100, walikuwa na vimelea vya malaria pia. Katika nchi zenye mbu, hii ina maana kwamba kupatikana kwa ugonjwa mmoja hakuthibitishi kwamba mwingine haupo. Huko Afrika Kusini, uchunguzi wa mwaka 2020 katika jimbo la Western Cape ulionyesha kwamba mgonjwa wa UVIKO mwenye kifua kikuu, au mwenye virusi vya UKIMWI, alikuwa katika hatari ya kufa takriban mara mbili au zaidi ya mwenzake asiye na maradhi hayo.

Basi historia imetoa mafunzo mawili yanayoonekana kupingana. Mwaka 1918 wasemaje walikufa kwa ugonjwa wa pili usiokuwa na dawa. Mwaka 2020 wagonjwa walimezeshwa dawa za ugonjwa wa pili usiokuwapo. Kwa hakika funzo ni moja: ugonjwa wa pili utafutwe, usidhaniwe tu, wala usipuuzwe.

CHANJO: KUZIBA UFA MAPEMA

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Njia iliyo rahisi kuliko zote ya kumzuia adui wa pili ni kumfungia njia kabla ya wa kwanza kufika.

Ushahidi mzuri ulipatikana Soweto, Afrika Kusini. Maelfu ya watoto walipewa chanjo ya nimokoki, na wengine hawakupewa. Chanjo hiyo haina uwezo wowote juu ya virusi. Hata hivyo, matokeo yaliyotangazwa mwaka 2004 yalionyesha kwamba watoto waliochanjwa walilazwa mara chache zaidi, pungufu kwa 31 katika kila 100, kwa kichomi kilichoambatana na virusi vya njia ya pumzi. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya kile kilichodhaniwa kuwa kazi ya kirusi peke yake kilikuwa kazi ya wawili.

Chanjo ya nimokoki iliingizwa katika chanjo za kawaida za watoto nchini Rwanda mwaka 2009, Kenya mwaka 2011, na Uganda na Tanzania mwaka 2013. Huko Kilifi, katika pwani ya Kenya, maradhi makali yaletwayo na aina za nimokoki zilizomo katika chanjo yalipungua kwa 92 katika kila 100 kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Bakteria yule wa Pfeiffer naye, katika aina yake kali iitwayo aina b, amewekewa kinga katika chanjo inayochanganya kinga za magonjwa matano, pamoja na dondakoo, kifaduro, pepopunda na homa ya ini ya aina B. Kenya ilianza kuitumia mwaka 2001, Uganda mwaka 2002, na Tanzania mwaka 2009. Chanjo ya surua nayo ni ngao ya kichomi, kwa maana surua hulegeza kinga ya mwili kwa muda mrefu baada ya vipele kupotea.

Mzazi anayehamishwa kikazi kutoka kituo kimoja hadi kingine hana budi kuitunza kadi ya kliniki ya mtoto kama anavyotunza kitambulisho chake. Dozi iliyorukwa kwa sababu ya uhamisho ni ufa uliobaki wazi.

YA KUANGALIA NYUMBANI NA BWENINI

Mafua mengi hupoa yenyewe. Homa hushuka baada ya siku tatu au nne, mwili hurudi taratibu, na kikohozi chaweza kubaki wiki moja au mbili bila kudhuru. Mgonjwa wa namna hii ahitaji mapumziko, vinywaji vya kutosha, uji na supu, na dawa ya kutuliza homa kama parasetamoli kwa kipimo kilichoandikwa. Mtoto asipewe aspirini anapougua mafua, kwa kuwa yaweza kumletea madhara makubwa ya ini na ubongo.

Dalili ya kuogopwa kuliko zote ni homa inayorudi. Mgonjwa amepata nafuu siku mbili, ameanza kula na kuzungumza, kisha ghafla homa inapanda tena, anatetemeka kwa baridi, kikohozi kinazidi, makohozi yanakuwa mazito yenye rangi ya kijani, ya manjano au ya kutu, na ubavu unachoma kila anapovuta pumzi. Hapo ndipo adui wa pili anapobisha hodi. Mtu huyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, asingoje kesho. Vivyo hivyo mgonjwa anayehema kwa shida, ambaye midomo yake inageuka rangi, anayechanganyikiwa au asiyeweza kuamshwa vizuri.

Kwa mtoto mdogo asiyeweza kueleza maumivu yake, saa ya mkononi ni chombo cha kutosha. Mtoto akiwa ametulia, halii wala hanyonyi, fulana ifunuliwe na pumzi zake zihesabiwe kwa dakika moja kamili. Mtoto wa chini ya miezi miwili akifikia pumzi 60 au zaidi, wa miezi miwili hadi kumi na miwili akifikia 50 au zaidi, na wa mwaka mmoja hadi mitano akifikia 40 au zaidi, huenda ana kichomi, na yapasa apelekwe kituo cha afya. Kama sehemu ya chini ya kifua hubonyea ndani anapovuta pumzi, au hawezi kunyonya wala kunywa, hiyo ni hatari kubwa zaidi.

Mgonjwa afikapo hospitalini, wanaomleta waeleze mambo kwa mpangilio: siku homa ilipoanza, siku aliyopata nafuu, siku homa iliporudi, na dawa zote alizokwisha kumeza, hata zile zilizonunuliwa dukani. Waseme pia kama ana kisukari, kifua kikuu au ugonjwa mwingine wa kudumu. Wasikatae kipimo cha malaria kwa sababu tu mgonjwa anakohoa, wala wasiridhike na cha malaria pekee ikiwa kifua kinauma. Kikohozi kilichopita wiki mbili kipimwe kifua kikuu. Antibiotiki ikiandikwa na mganga, imalizwe kama alivyoagiza; isipoandikwa, asishurutishwe kuitoa, na ile iliyobaki kabatini tangu mwaka jana isigeuzwe kuwa dawa ya kila kikohozi.

Katika mabweni na nyumba za askari, hewa ndiyo mlinzi wa kwanza. Madirisha yafunguliwe hata usiku wa baridi, vitanda vitenganishwe kadiri nafasi inavyoruhusu, na mwenye homa asilale katikati ya wenzake. Kiongozi wa kikosi asimhesabu mtu mwenye mafua makali kuwa mtegaji; anayelazimishwa kukimbia gwaride huku ana homa hudhoofika yeye, na huwaambukiza walio kushoto na kulia kwake. Moshi wa kuni na wa sigara huzidhuru nywele zile zile ndogo zinazolinda kifua. Jiko lihamishiwe nje au penye hewa, na mvutaji asivute karibu na mtoto.

Wale waliokufa katika kambi za mwaka 1918 hawakuwa na chanjo, wala penisilini, wala ujuzi wa kwamba maadui walikuwa wawili. Familia ya leo inavyo vyote vitatu. Kilichobaki ni jicho la kuangalia siku ile mgonjwa anapoonekana amepona, na miguu iliyo tayari kwenda hospitali endapo homa itarudi.